Mhina wa Kwenye Ndoo ya Rangi

Rahma mwanangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi tumeamkiana vizuri, mchana tumegombana, na salamu nyingine baada ya hapo itakuwa unafiki. Umetoka kwenda mtaa wa Xiaobei kuwaaga wenzio, ukaufunga mlango polepole kama unavyoufunga ukiwa umekasirika sana, na mimi nimebaki hapa mezani na sanduku lako lililokwisha kufungwa. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Unguja kuolewa. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu nikiufungua unagomba, na leo kugomba hakukunisaidia kitu.

Mambo ya safari sikwambii. Mizigo unaijua, pasipoti unajua ilipo, na ndege umebadilisha kwa utulivu kuliko mimi ninavyobadilisha basi. Mambo ya ndoa nayo sikwambii, mengine somo wako atakufunda na mengine mtajifunza wenyewe wawili. Nina jambo moja tu. Usikubali kupakwa piko. Hata tone. Hata wakikwambia hii ni ya kisasa, hata shangazi yako Zuwena akinuna, hata ukumbi mzima ukiwa umekaa unakungoja.

Najua unavyonijibu hapo unaposoma. "Mama, mara moja tu." Ndivyo ulivyosema mchana, ukanipa simu nione ile picha aliyokutumia binti wa shangazi yako, mikono ya bibi harusi imejaa maua meusi mpaka kwenye viwiko. Ukasema nyeusi italificha kovu, nyekundu haitalificha. "Wote watautazama mkono wangu, mama, na wataniuliza." Nikakupigia kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilichotaka kufanya ni kukaa chini nilie, lakini mimi kulia sijui, najua kugomba.

Basi ngoja nikae chini sasa, nikwambie kwa utaratibu, hata kama baadhi unayajua.

Mimi nimekulia nyuma ya ua wa mhina. Bibi yangu Mize, aliyemzaa mama yangu, alikuwa na nyumba shamba huko kusini, kwenye ardhi ya mawe ambayo muhogo wenyewe unaota kwa kulazimishwa, na uani kwake badala ya makuti alikuwa amezungusha mihina. Ni mti usiojigamba. Vijiti vyembamba vya rangi ya majivu, majani madogo yamekaa mawili mawili yanatazamana, na ukiuacha ukazeeka unatoa miiba ya kuchana kanga. Mtu asiyeujua anaupita. Halafu unachanua, vishada vidogo vyeupe vyenye umanjano kwa mbali, na jioni harufu inaingia ndani hata ukiwa jikoni unakaanga samaki. Bibi alikuwa akivichuma vile vishada na kuvitia kwenye sanduku la nguo zake. Mpaka leo nikiifikiria harufu ya bibi, naifikiria ile.

Na kazi zake ule mti, usiniulize. Babu alikuwa na visigino vilivyopasuka kwa kutembea kwenye mawe, akipakwa hina vinafunga. Ndevu zake zilipoanza mvi alikuja kinyemela, akakaa, akanyoosha kidevu, na bibi akampaka huku akimcheka. Mtoto akipata homa, majani yalitwangwa mabichi yakawekwa kwenye paji la uso, yakawa baridi kuliko maji. Fito zilizonyooka bibi alizisukia vikapu vya mayai. Na kuku wa jirani hawakupita kwenye ule ua, kwa hiyo na ugomvi haukupita. Halafu ndio waje maharusi.

Lakini hina ilitaka subira, na mimi sikuzaliwa nayo. Majani yanaanikwa kivulini, juani yanageuka kahawia na nguvu zote zimekwenda. Yanatwangwa, yanachekechwa kwa kitambaa, unga unakandwa kwa ndimu na chai nzito, unaachwa mpaka utoe rangi wenyewe. Ukishapakwa unafungwa vitambaa mikononi, unalala navyo. Bibi harusi hawezi kujikuna pua. Watu wanamlisha, wanamtania, wanamwuliza maswali ya aibu kwa kuwa hana mkono wa kuziba uso. Nilikuwa nikikaa pale nikisema kimoyomoyo, hivi hakuna njia ya mkato?

Ipo. Nikaipata hapa Guangzhou.

Baba yako alipofariki nilikuja huku na wewe, hujaanza hata shule. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora, hilo walilisema wote nyumbani, lakini mkono mzuri haulipi kodi. Nikaanza kutuma piko nyumbani. Unajua ile ni kitu gani, nilikwambia ulipokua. Ni unga wa kupaka nywele ziwe nyeusi. Kwenye pakiti kumechorwa mwanamke na nywele zake, hakukuchorwa mkono wala mguu. Sisi ndio tulioamua kuupaka ngozini, kwa sababu unatoa weusi kwa muda wa kunywa chai, na weusi wake unaonekana vizuri kwenye picha. Laoban niliyekuwa nikinunua kwake, bosi mmoja mcheshi, alinitazama nikipanga maboksi akaniuliza, "Wanawake wa kwenu wana nywele kiasi gani?" Nikacheka. Sikumwambia kwamba nywele hazihusiki.

Hapo ndipo ningesimama. Mtu anakuuliza swali la akili na wewe unacheka.

Idd ile ulikuwa na miaka minane. Ulinijia na mkono wa kushoto umeunyoosha, unataka ua kubwa kama la bibi harusi. Nilikuwa na mizigo ya kupeleka kwa wakala wa kago, nina haraka, na hina ya kweli sikuwa nayo. Nikachukua pakiti. Nikakuchorea ua zuri, wallahi lilikuwa zuri, nikakupiga picha nikaituma nyumbani, na sifa zikaja. "Mwanaidi huyo, mkono wake haujapotea." Nilifurahi kwa zile sifa kuliko ulivyofurahi wewe kwa ua.

Baada ya siku mbili ukaanza kujikuna. Nikakwambia tulia. Baadaye ua lote likavimba, kila jani, kila kikonyo, likawa ua la malengelenge, na nyama yako ikatoka maji palepale nilipopitisha mkono wangu. Usiku ulikuwa unaniambia, "Mama, lifute." Ningelifutaje?

Hospitali nilikwenda na ile pakiti kwa sababu Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha bei na kukataa bei. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. Alisoma pakiti, akashika nywele zake, akaushika mkono wako, akatikisa kichwa. Halafu akaandika kwenye simu ikatafsiri, akanipa nisome. Sijasahau. Mtoto huyu asiguswe tena na kitu hiki maisha yake yote. Mwili wake umeshakijua. Mara ya pili itakuwa kali kuliko hii, na koo linaweza kuvimba akashindwa kupumua.

Umesikia, Rahma? Koo. Si mkono. Mchana nilikuwa nakupigia kelele juu ya mkono kwa sababu koo siwezi kulitamka. Nikilitamka nakuona umelala na nguo ya harusi. Ndivyo nilivyokuona usiku wa jana na juzi, na ndiyo sababu nimekuwa mkali hata juu ya chumvi ya mchuzi.

Na watu wa nyumbani hawajui. Niliwaambia umemwagikiwa na chai ya chupa. Wewe uliusikia ule uongo ukiwa umekaa ubavuni kwangu, ukanitazama, na tangu siku ile umewajibu hivyohivyo kila wakikuuliza, kwa adabu, kwa ajili yangu. Mtoto wa miaka minane akamfichia mama yake aibu. Sikukwambia ahsante hata mara moja. Niliona haya. Mimi nilikuwa Mwanaidi mwenye mkono, ningesemaje kwamba mkono huo umemchoma mwanangu?

Tena kuna baya zaidi ya hilo. Nilipokuchoma sikuwa najua. Lakini maboksi yaliyobaki stoo niliyauza huku najua. Nilimtumia shangazi yako, akawapaka maharusi wa watu. Nilijiambia ngozi za watu hazifanani. Baada ya hapo ndipo nikaacha, nikahamia kwenye mikoba, ile inayotengenezwa Shiling, na watu wakanisifu kwamba nimepata akili ya biashara.

Ule mhina wa juu ya paa, hujawahi kuniuliza nilikoutoa. Nilikuwa soko la vitambaa la Kangle natafuta kitambaa cha madera, nikapita kwenye uchochoro nyuma ya vyerehani, mvua imetoka kunyesha, nikaisikia ile harufu. Nikasimama kama mtu aliyeitwa. Bibi mmoja wa Kichina alikuwa nao mlangoni kwake kwenye chungu kilichopasuka. Nikamwuliza ni nini. Akanionyesha kucha zake, akasema zamani wasichana waliponda majani yake wakajifunga vidoleni. Nikamtolea simu, nikamwonyesha picha za mikono ya maharusi wa kwetu. Akacheka mpaka akakaa kitini, akaniita ndani, akanikatia vijiti akavifunga kwa gazeti lililolowa. Hakutaka kitu.

Nikavipanda kwenye ndoo ya rangi. Viwili vilikufa, kimoja kikashika. Wakati wa baridi kilimwaga majani yote nikadhani nimekiua na hicho, nikakizungushia mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Mwaka wa kwanza nilivuna wakati ule wa unyevu ambao kuta hapa zinatoka jasho, majani yakaota ukungu sakafuni, nikatupa yote. Mwaka uliofuata nikasubiri. Nimejifunza kusubiri kwa mti, Rahma, nimechelewa lakini nimejifunza.

Wewe hukuwahi kunipa mkono tena. Hukugomba, hukunisema, ila kila Idd nikikoroga hina ulikuwa na kazi ya shule. Nimewapaka mabinti wa Kitanzania hapa, wa Kikomoro, wa Kisomali, hata Mkongo mmoja aliyeolewa na Mchaga, na mwanangu mwenyewe anapita na mikono mifukoni. Sikulazimisha. Lakini nilikuwa nikirudi Shiling kwenye joto kali, nimeshinda huko tangu asubuhi, napanda juu ya paa na ndoo ya maji, nakuta udongo umeshalowa. Sikukuuliza. Niliogopa nikikuuliza utaacha.

Sasa nikwambie nilichokifanya tangu ulipotoka.

Kwanza ujue kwamba jana nilimpigia shangazi yako. Unajua mimi siwezi kuja. Pasipoti yangu iko kwenye kuongezwa viza na haitatoka kabla ya harusi yako, nimekwenda kuomba mpaka mlinzi wa mlangoni ananifahamu. Kwa hiyo siku yako ya hina iko mikononi mwa shangazi, na ni haki yake, ni dada wa baba yako. Nikamwambia Rahma apakwe hina tupu. Akaniambia, "Hina tupu kama bibi kizee? Watu watasema hatuna." Nikamwambia ana ngozi nyepesi. Akacheka. "Hii ya siku hizi haichomi, Mwanaidi, wewe umekaa Uchina umekuwa mwoga." Na mimi nikacheka naye. Umeona? Mbele yangu kuna kifo cha mwanangu na mimi nacheka kwa sababu wifi yangu amecheka.

Huu ndio ugonjwa wangu, na nimekuambukiza. Tunaona haya kumkataa mtu mbele za watu. Wewe ni mzuri wa adabu, kila mtu ananisifia adabu yako. Watakukalisha mkekani, watakuimbia, shangazi atakushika mkono kwa mapenzi kabisa, na wewe utaona afadhali ufe kuliko kumwaibisha. Hilo neno si la kusema tu safari hii.

Basi leo nimeweka kalamu hii chini, nikachukua simu, nikamtumia shangazi yako sauti. Nimemwambia yote. "Ile haikuwa chai. Nilimpaka mimi, kwa piko, daktari akanikataza, nikadanganya, na maboksi niliyokutumia nilikutumia huku najua." Sauti ilinikatika katikati nikaituma hivyohivyo.

Nikawa natazama simu na kuandika haya uliyoyasoma. Halafu akatuma sauti. Hakupiga kelele, ningependa apige kelele. Alisema, "Miaka yote hii unaniambia chai." Nikasikia redio ya jikoni kwake. Kisha akasema, "Na wale niliowapaka mimi?" Ikaishia hapo. Nimempigia, hapokei. Sijui atakuwa amekasirika kiasi cha kukuacha na hina yako, au atasema Mwanaidi ni mwongo na hili nalo ni uongo. Nakuapia sijui, na yeye ndiye pekee niliyekuwa namtegemea kule. Nimebaki na wewe.

Kwa hiyo nakupigia magoti mwanangu, mama yako mzima napiga magoti. Wakitoa kile kibakuli cheusi, vuta mkono. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda nawe madukani, mabosi wakinitajia bei ya wizi nikawa natafuta maneno ya heshima, na wewe kutoka kiunoni kwangu unasema "bu yao", hatutaki, na tunaondoka. Hukuwa na haya hata kidogo. Mwite yule mtoto. Sema sitaki. Wakiuliza kwa nini, waonyeshe kovu, lifunue lote, uwaambie mama yangu alinichoma kwa hiki mnachokishika. Sema kwa sauti. Usinifichie tena. Jina langu si kitu, liache liende. Wakinisema mwezi, wakinisema mwaka, nitakuwa nasemwa nikiwa na mtoto hai.

Na usiolewe ukiwa umeficha mkono. Mwanamume atakayeishi na wewe ataushika huo mkono gizani, atalisikia kovu, sasa kulificha siku moja ili iweje?

Kwenye begi lako la mkononi, chini ya viatu, kuna mfuko wa unga wa hina. Ni wa ndoo yetu. Nimeuanika kivulini, nimeuchekecha kwa soksi mpya ya nailoni mara mbili, hauna kitu chochote ndani yake isipokuwa jani, na maji ya mtu aliyekuwa akiumwagilia bila kuonekana. Wampe somo wako akoroge huo. Akisema hautoshi, aufanye utoshe.

Kuna mwingine nimekoroga hapa, tangu mchana, ulipokuwa bado umekasirika chumbani. Umeshatoa rangi, nimeufunika kwa kanga. Hina ya leo itakuwa bado ina wekundu siku yako, na wakiongeza hina juu ya hina sina neno. Nimefikiria cha kuchora. Kovu sitaligusa, hapo ngozi haitashika rangi vizuri na sitaki kudanganya tena. Nitapitisha tawi kando yake, tawi la mhina lenyewe, majani mawili mawili, lianzie kwenye kifundo lilizunguke kovu lote mpaka kidoleni. Kovu litakaa katikati peupe, kila mtu alione.

Miaka yote hii sijaushika huo mkono. Naogopa, Rahma. Naogopa utasema hapana, na nimetoka kukufundisha kusema hapana. Ukiingia nitakuomba kwa mdomo; ukiniambia hivyo nitaufunika tena ule unga nitalala, na ukikubali au ukikataa, barua utaikuta begini.

Nasikia lifti. Nasikia unatafuta ufunguo kwenye mkoba kama kawaida yako, wakati uko mfukoni.

Nimeweka mto kwenye kiti chako na taa nimeisogeza. Njoo ukae mwanangu. Tuanze na wa kushoto.

Mama yako, Mwanaidi